Mgeni na Chungu cha Wagweno

Ugweno ni nchi ya milima, upande wa kaskazini wa Upare. Wenyeji wake husema Kigweno, lugha iliyo karibu na Kichaga kuliko Chasu cha jirani zao Wapare. Habari za ufalme wao wa kale, na za Washana wahunzi waliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya, zimekwisha kuandikwa na Profesa Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969. Sisi twapenda kuandika juu ya jambo dogo zaidi, nalo ni chungu. Yaani chakula apewacho mgeni akaaye kati ya watu hawa.

Chakula cha kwanza ni ndizi. Ndizi mbichi humenywa, hupikwa pamoja na maharage, kisha hupondwa. Wachaga huita chakula hicho kiburu. Cha pili ni makande, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ambayo watu wa pwani huyaita pure. Mgeni husema, "Hiki ndicho chakula cha asili yao." Lakini tukichunguza, twaona kwamba chungu chenyewe kimejaa wageni. Migomba asili yake ni nchi za mashariki, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, nayo imekaa kwetu tangu zamani sana. Mahindi, ijapokuwa jina lake lataja Hindi, yalitoka bara la Amerika, na maharage vivyo hivyo. Yalifika Afrika baada ya Wareno kuanza safari zao. Vya kwetu hasa ni mtama, ulezi na kunde. Basi wazee walionja vya wageni, wakavipima, wakavifanya vyao.

Wamisioni wa Leipzig walifungua kituo cha Shigatini mwaka 1900. Mwaka 1920, baada ya vita, wamisioni wa Kijerumani waliondoshwa katika nchi, na kazi ya makanisa ikawaelemea walimu Waafrika. Mwalimu wa namna ile hana budi kupokelewa nyumbani mwa watu. Ndiyo maana Bwana wetu alipowatuma wale sabini aliwaagiza wale watakavyoandaliwa (Luka 10). Maana akataaye chakula amemkataa mwenye nyumba.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo hili. Tulipopelekwa kufundisha Ugweno, tukitoka Upare wa kusini, tulichukua mchele wetu na majani ya chai. Mama mmoja mzee, jirani wa shule, alituletea bakuli la ndizi na maharage. Tukashukuru, tukamwambia tumekwisha kula. Akaleta mara ya pili, tukajibu vivyo hivyo. Mara ya tatu hakuleta. Wala si yeye peke yake: wazee waliokuwa wakija jioni kuuliza habari za watoto wao waliacha kuja. Mchele ulipokwisha tulikwenda kwake, tukabisha hodi. Akatutazama, akasema, "Mwalimu, leo hujala?" Tuliona haya, tukaketi, tukala. Chakula kilikuwa kizuri. Jioni ile, tukiuliza hiki ni nini na kile ni nini, tulipata maneno ya Kigweno mengi kuliko tuliyoyapata miezi yote tuliyokaa shuleni: ndizi ya kupika ina jina lake, ya kuiva lake, ya pombe lake. Na wazee wakaanza kuja tena.

Twaandika haya kwa sababu Kigweno chapungua. Watoto wengi sasa husema Chasu na Kiswahili, na wanaokijua vema ni wazee. Maneno ya shambani na ya jikoni hayakai katika vitabu vya shule. Hukaa kinywani mwa mama apikaye. Mwalimu atakaye kuyaandika kabla hayajapotea, na aanze kwa kupokea bakuli kwa mikono miwili.