Batinah: Bahari ilivyoingia visimani

Ukanda wa Batinah, kaskazini mwa Oman, ni uwanda mwembamba unaofuata ufuo kwa takriban kilometa 270, kutoka jirani ya Muscat hadi mpaka wa Falme za Kiarabu. Upande mmoja ni bahari, upande wa pili ni milima ya Hajar. Mvua yake kwa mwaka ni kiasi cha milimita 100, ambazo mkulima wa Pemba huweza kuzipata katika siku chache za masika.

Hata hivyo, karibu nusu ya ardhi ya kilimo ya Oman imo humo. Barka, Suwaiq, Saham na Sohar ni majina yasiyo mageni kwa koo nyingi za Unguja, Pemba na Mombasa. Sohar ndiko alikokuwa liwali Ahmed bin Said, mwasisi wa ukoo wa Busaidi uliokuja kutawala Zanzibar, kabla hajawa imamu katika karne ya 18.

Kilichowezesha kilimo hicho ni maji ya chini ya ardhi. Mvua inyeshapo milimani, maji hushuka mabondeni, huzama katika changarawe na kusafiri polepole kuelekea baharini. Karibu na ufuo, mtu alichimba mita chache tu akayafikia.

Ng'ombe na kapi

Kwa karne nyingi maji hayo yalitekwa kwa zajra. Ng'ombe dume aliteremka njia iliyochimbwa kando ya kisima, akivuta kamba iliyopitishwa juu ya kapi kubwa la mbao, na ndoo ya ngozi ikapanda na kumwaga maji mferejini. Hakuna aliyeandika sheria ya kiasi cha kuteka. Ng'ombe alipochoka kazi ilisimama, na kisima kikapata nafasi ya kujaa tena.

Mashine za dizeli zilikuwa zimeanza kuonekana kabla ya 1970, lakini zilienea kwa kasi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka huo, fedha za mafuta zilipoanza kuifikia nchi. Mashine haichoki. Mashamba yalipanuka kuelekea bara, na pamoja na mitende na ndimu yakapandwa majani ya mifugo, ambayo hunywa maji mwaka mzima.

Hesabu ya kile kilichofuata ni rahisi, nayo inatisha. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, hivyo huelea juu yake ardhini. Kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi hadi mita 40 hivi chini yake. Ukiteka hata mita hiyo moja ikatoweka, bahari haina kinachoizuia.

Mkulima huonja badiliko hilo polepole. Akimwagilia maji yenye chumvi kidogo, jua huyakausha na chumvi hubaki udongoni. Ili kuiosha humwagilia zaidi, na akimwagilia zaidi huivuta bahari karibu zaidi. Mtende huvumilia kwa muda mrefu. Mndimu hauvumilii, ingawa si haki kuitupia chumvi lawama yote, kwani tangu miaka ya 1970 ndimu za Batinah zimeshambuliwa pia na maradhi yanayofanya matawi yachipue kama fagio.

Maji bila wakili

Vijiji vya Oman vinavyotumia falaj, mifereji iletayo maji kwa mteremko, vilikuwa na dawa ya ugomvi wa namna hii. Kila mwenye haki hupata zamu yake ya muda, na wakili wa falaj husimamia. Isitoshe, falaj hutoa kile tu kinachotiririka chenyewe. Kisima cha pwani hakikuwa na wakili. Kilionekana mali ya mwenye shamba, ilhali maji yaliyomo yalikuwa ya ukanda mzima.

Serikali ilijaribu kuziba pengo hilo. Mwaka 1985 ulikamilika ukuta wa bwawa la Al Khoud, wenye urefu wa zaidi ya kilometa 5. Kazi yake si kuhifadhi maji bali kuyazuia mafuriko yasikimbilie baharini, tope litue, kisha maji yaachiwe taratibu yazame ardhini. Mwaka 1988 amri ya Sultani ilitangaza maji kuwa rasilimali ya taifa, na baadaye visima vikasajiliwa na uchimbaji mpya ukahitaji kibali.

Mabwawa yamesaidia, lakini hayawezi kurudisha kinachotekwa kila siku katika nchi ambayo mvua kubwa huweza kukosekana kwa miaka kadhaa. Tope nalo hujikusanya nyuma ya ukuta na kuziba njia za maji kuzama. Kusini mwa nchi, Salalah, maji machafu yaliyosafishwa yamekuwa yakiingizwa ardhini karibu na ufuo tangu 2003 ili kuisukuma bahari nyuma.

Mzigo wenyewe haugawanyiki sawa. Anayeteka sana kilometa kadhaa kutoka baharini huendelea kupata maji matamu. Chumvi humfikia kwanza jirani yake wa ufuoni, ambaye pengine hakupanua shamba lake kabisa. Ndiyo maana mitende iliyokauka huanzia upande wa bahari, na mashamba ya huko ndiyo ya kwanza kuachwa au kugeuzwa viwanja vya nyumba.