Henry Rono, mwanafunzi wa Pullman

Jina la Henry Rono likitajwa, huja na namba: rekodi nne za dunia ndani ya siku 81, mwaka 1978. Namba hizo ni za kweli na mpaka leo zinashangaza. Lakini kuna neno moja ambalo wasimuliaji huliacha nje, nalo ni mwanafunzi. Rono hakuwa mkimbiaji wa kulipwa. Alikuwa anasoma chuo kikuu, na rekodi mbili za kwanza aliziweka katikati ya muhula, akiwa amevaa fulana ya chuo.

Chuo chenyewe ni Washington State University, kilichoko Pullman, mji mdogo karibu na mpaka wa Idaho. Ukiuzunguka unakuta vilima vya ngano, kimoja baada ya kingine. Mtu wa Nandi angeweza kuvitazama na kujiona kama yuko karibu na kwao, hadi Desemba ifike na theluji ifunike kila kitu.

Kwa nini vijana wa Bonde la Ufa walifika huko? Jibu la kawaida ni kwamba walifuata mbio. Mimi nadhani tuligeuze. Miaka ile Kenya nzima ilikuwa na chuo kikuu kimoja tu, cha Nairobi, na nafasi zake zilikuwa za kuhesabu. Huku Marekani, kijana mwenye miguu alilipiwa karo, chakula na malazi. Miguu ndiyo iliyokuwa cheti chake. Kocha John Chaplin wa Pullman aliliona hilo mapema. John Ngeno alitangulia, kisha Samson Kimobwa, na mwaka 1976 akaja Rono, askari wa jeshi la Kenya ambaye utotoni aliumia mguu vibaya hata akachelewa kutembea.

Mwaka huohuo alikuwa ameshachaguliwa kwenda Olimpiki ya Montreal. Kenya ikajiondoa pamoja na nchi nyingine za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi. Basi badala ya Olimpiki, Rono akapata mbio za nyika za vyuo vya Marekani. Akashinda, na Kimobwa akawa wa pili. Miezi michache baadaye, Juni 1977, Kimobwa aliweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki. Yaani chuo kimoja cha mashambani kilikuwa na wanafunzi wawili wa namna hiyo kwa wakati mmoja!

Kisha ukaja 1978. Tarehe 8 Aprili, Berkeley, katika mashindano ya vyuo tu, alikimbia mita 5,000 kwa dakika 13:08.4 na kupunguza sekunde nne na nusu kwenye rekodi ya Dick Quax. Tarehe 13 Mei, Seattle, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, 8:05.4. Muhula ulipoisha akaenda Ulaya. Tarehe 11 Juni, Vienna, mita 10,000 kwa 27:22.4, na rekodi aliyoifuta ilikuwa ya Kimobwa, mwenzake wa chuo. Tarehe 27 Juni, Oslo, mita 3,000 kwa 7:32.1. Mwaka huohuo akachukua dhahabu mbili Algiers kwenye Michezo ya Afrika, na mbili nyingine Edmonton kwenye Jumuiya ya Madola.

Novemba akarudi kwenye mbio za nyika za vyuo akiwa bingwa mtetezi. Akamaliza wa 237.

Wengi huipita namba hiyo haraka kana kwamba ni aibu. Mimi huniambia mengi kuliko zile rekodi. Mwanariadha wa chuo cha Marekani hukimbia nyika msimu wa vuli, ndani ya ukumbi wakati wa baridi, uwanjani wakati wa machipuko, na kila mbio chuo kinataka pointi. Ongeza Ulaya, ongeza Algiers na Edmonton. Huyu mtu alikuwa apumzike lini? Na vitabu avisome lini? Fursa ilikuwa ya kweli, sikatai, ila ilikuwa na bei, na bei yenyewe haikuandikwa popote kwenye barua ya ufadhili.

Olimpiki ya Moscow, 1980, Kenya ikasusia tena. Mwaka 1981 Rono alivunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 huko Norway, na baada ya hapo pombe ikamshinda. Ikafika miaka ya kukosa makazi, ikafika kazi ya kubeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Albuquerque. Aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, Olympic Dream. Alifariki Nairobi, Februari 2024, bila kukimbia Olimpiki hata moja.

Ni rahisi kumlinganisha na Mike Boit, mshindi wa shaba ya mita 800 Munich 1972. Naye alipitia vyuo vya Marekani, akasoma hadi uzamivu, akarudi kufundisha sayansi ya michezo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Watu humtumia Boit kumsuta Rono. Mimi siwezi. Boit angalau alikuwa na Munich kabala ya ile milango miwili ya Olimpiki kufungwa. Rono alifungiwa yote miwili katika miaka yake bora.

Pullman iliendelea kupokea Wakenya. Julius Korir alitoka huko kwenda kuchukua dhahabu ya viunzi na maji, Los Angeles 1984. Rekodi ya Rono ya Seattle, ile ya Mei 1978, ilisimama miaka 11. Julai 1989, mjini Stockholm, ilivunjwa kwa kama nukta tano za mia za sekunde. Aliyeivunja ni Peter Koech, na yeye pia alikuwa amesoma Pullman.