Ilungu, Kintengwe na Mlinganyo wa Kipeo cha Tano

Magofu ya malungu yangalipo katika nyanda za juu za Ufipa, Tanzania: tanuru ndefu za udongo zinazomzidi mtu kimo. Mhunzi wa Kifipa alipanga humo mkaa na mawe ya chuma, akawasha moto, na upepo ukajivuta wenyewe kupitia matundu ya chini bila mvukuto. Kilichotoka kilikuwa bonge lililojaa mavi ya chuma, lisilofulika jembe. Akalihamishia kwenye kintengwe, tanuru fupi yenye mivukuto, na hapo likawa chuma cha kufulia. Aliyeishia kwenye ilungu angeweza kuapa kwamba mawe ya Ufipa hayana kitu.

Mlinganyo wa kipeo cha tano umeapiwa hivyo hivyo. Kanuni za kipeo cha tatu na cha nne, zinazotumia vipeuo, zilichapishwa na mwanahisabati Cardano mwaka 1545. Mwaka 1824 Abel akathibitisha kwamba kipeo cha tano hakina kanuni ya jumla ya aina hiyo, kisha Galois akafichua sababu. Masomo mengi hufunga mlango hapo, ingawa kilichothibitishwa ni kwamba vipeuo peke yake havitoshi.

Tanuru ya pili ilielezwa na Felix Klein katika kitabu chake cha 1884. Ili kuielewa, shika mpira wa miguu wa mshono wa zamani: vipande 12 vya pembetano, 20 vya pembesita. Mishono 30 hukutanisha pembesita mbili. Hiyo ndiyo kingo za ikosahedroni, umbo la pembetatu 20. Ipake rangi tano, kila rangi mishono sita iliyokaa juu na chini, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Mpira una mizunguko 60 inayourudisha katika sura yake, ukihesabu na ule wa kuuacha ulivyo. Kila mmoja hupanga upya rangi tano kwa namna yake. Hizo 60 ni nusu ya mipango yote 120 ya vitu vitano, nusu ile ile iliyomkwamisha kila mtumia vipeuo.

Kazi hufanyika mara mbili, kama Ufipa. Kwanza mlinganyo husafishwa kwa mbinu ya Tschirnhaus ya mwaka 1683 hadi x⁴ na x³ zitoweke. Vipeuo vya pili vinatosha. Kisha hubaki swali moja: ni nukta ipi juu ya tufe, yaani uso wa mpira huo, inayotoa namba fulani katika kanuni isiyobadilika mpira ukizungushwa? Zipo 60, na mizunguko ya mpira hukutoa kwenye moja hadi nyingine. Ukiipata moja tu, majibu matano hufuata. Klein aliitafuta kwa mfululizo wa namba usio na mwisho. Mwaka 1989 Peter Doyle na Curtis McMullen walifika kwa kurudiarudia hatua moja ya hesabu iliyobeba ulinganifu huo huo. Hiyo ndiyo mivukuto.

Ulinganisho huu una mpaka wake. Mhunzi hutupa mavi ya chuma. Hesabu haitupi kitu, kwani mlinganyo uliosafishwa unabeba majibu yale yale kwa sura nyingine, na njia ya kurudi ipo.

Zinapokutana tena mila hizi mbili ni kwenye urithi. Ukuta wa ilungu haukuambii mkaa ulipangwaje; ndiyo maana watafiti wa karne ya 20 waliwaomba wazee wayeyushe chuma mbele yao. Kitabu cha Klein nacho ni gofu la fahari, kikimdai msomaji mengi. Jerry Shurman, mwaka 1997, alijenga upya tanuru hiyo tofali kwa tofali, akianzia kwenye tufe. Oliver Nash, mwaka 2014, alikata njia fupi kwa mwenye uzoefu. Mwanafunzi wa Sumbawanga, huko Ufipa, ningempa Shurman kwanza, na mpira mkononi. Mwalimu anayemalizia somo kwa Abel amemwonyesha ilungu na kumficha kintengwe.