Mahali Pasipo Ushuru

Kijana msomaji, ukisimama kando ya barabara kuu pale Chepseon, baina ya Mau Summit na mji wa Kericho, utaona malori marefu yakipanda kilima polepole, milango yake imefungwa kwa lakiri. Baadhi yake yamebeba mali iliyoshushwa Kilindini, nayo yaelekea Uganda au Kongo. Dereva hushuka, akanywa chai kibandani, akanunua hindi la kuchoma, kisha akashika njia. Mali aliyoibeba imepita mbele ya macho yako. Lakini kwa hesabu ya watu wa forodha haikuingia Kenya kuuzwa, na lakiri ile ikifunguliwa njiani pasipo idhini, pana kosa kubwa.

Sasa lifikirie lori hilo limesimama mahali pamoja daima, likazungushiwa ukuta wenye lango na mlinzi. Hapo umepata maana ya eneo huru la biashara: kipande cha ardhi kilicho ndani ya nchi, lakini sheria ya ushuru hukihesabu kuwa kipo nje yake. Mali huingia, hukaa, hupakiwa upya au kutengenezwa, kisha hutoka kwenda ng'ambo bila ya kulipiwa ushuru wa kuingia.

Usidhani kwamba fikira hii ni ngeni kwetu. Unguja iliijaribu zamani, kabla hata mche wa kwanza wa chai haujapandwa Limuru mwaka 1903.

Katika zama za Sayyid Said, mapatano aliyofanya na Marekani mwaka 1833 yaliweka ushuru wa asilimia 5 juu ya bidhaa zilizoingia. Kazi ya kuukusanya hakuifanya mwenyewe. Aliikodisha kwa matajiri wa Kihindi, na aliyesifika kuliko wote ni Jairam Shivji: yeye alimpa Sultani kiasi kilichoafikiwa kila mwaka, na kilichozidi kikawa chake. Njia hiyo ilimwondolea mtawala taabu, ingawa si vigumu kuona ni nani aliyenenepa.

Mwaka 1890 mambo yaligeuka. Unguja ikawa chini ya himaya ya Waingereza, na pwani ya Tanganyika ikaachiwa Wajerumani kwa malipo ya mark milioni 4. Mwaka huo huo meli za Kijerumani zikaanza safari za moja kwa moja baina ya Hamburg na Afrika Mashariki. Pembe za ndovu na mpira, ambazo desturi yake ilikuwa kupita Unguja, sasa ziliweza kwenda Ulaya bila ya kukiona kisiwa. Ndipo Gerald Portal, mjumbe wa Uingereza, akashauri dawa kali, na tarehe 1 Februari 1892 Unguja ikatangazwa kuwa bandari huru. Ushuru wa bidhaa zilizoingia ukaondolewa, isipokuwa kwa vitu vichache. Ilitumainiwa kwamba mfanyabiashara, akiona mlango u wazi upande huu na mtoza ushuru amesimama upande wa pili, angejua pa kutia nanga.

Hapa nakuomba utue kidogo. Serikali haili upepo. Askari hutaka mshahara na gati hutaka kutengenezwa. Je, fedha zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwenye karafuu. Ushuru wa karafuu haukuondolewa: katika kila frasila 4 zilizofika forodhani, serikali ilichukua 1, nayo ilichukua karafuu zenyewe, wala si fedha. Mwenye meli alitia nanga bure, na mwenye shamba akatoa robo ya mavuno yake. Na nyuma ya mwenye shamba alikuwapo mchumaji, ambaye mara nyingi alikuwa mtumwa, kwa kuwa utumwa haukufutwa kisheria Unguja hadi mwaka 1897. Vitabu vingi husifu uhuru wa bandari ile. Mimi naona haifai kuusifu bila ya kumtaja mtu huyu aliyekuwa juu ya mti.

Mambo hayo yalidumu miaka 7 tu. Mwaka 1899 ushuru wa asilimia 5 ukarudishwa, kwa sababu hazina haikutosheka. Miaka 2 baadaye reli kutoka Mombasa ikafika ziwani, na biashara ya bara ikapata njia nyingine kabisa, ambayo kuondoa ushuru peke yake kusingeweza kuizuia.

Leo Mombasa hufanya sehemu ya kazi iliyofanywa na Unguja. Mnada wa chai ulioanza Nairobi mwaka 1956 ulihamia huko mwaka 1969, na chai ya Rwanda na Uganda huuzwa humo pamoja na chai ya Kericho. Chai hiyo ya jirani hukaa ghalani ikingoja meli. Haitozwi ushuru kama mali ya kuliwa Kenya, lakini wenye maghala, wapagazi na madalali hupata riziki kwayo. Hii ndiyo faida ya kweli ya mlango ulio wazi, na asiyeiona hana haki ya kuulaumu.

Mwaka 1990 Kenya ilitunga sheria ya maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuzwa nje, na kubwa miongoni mwake likajengwa Athi River. Kampuni iliyomo husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10, na kwa miaka 10 inayofuata hutozwa asilimia 25. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika kwa sheria ya mwaka 2000, maelfu ya vijana, wengi wao wasichana, walipata kazi ya cherehani humo. Miaka 20 hiyo ikipita, barabara ya nje ya ukuta imejengwa kwa kodi ya walio nje, akiwamo mama wa Chepseon anayelipa kodi ndani ya bei ya kila kitenge anunuacho. Ajira ile yaweza kuwa fidia ya kutosha, au isiwe. Hesabu yake yataka kufanywa kwa kila kiwanda.

Nalo shati lililoshonwa Athi River, likitaka kuuzwa dukani Chepseon, hulipiwa ushuru langoni kana kwamba limeshuka melini Kilindini asubuhi ile.