Safu ya Lugha: Keshokutwa ya Waingereza

Mwingereza wa leo akitaka kusema keshokutwa hulazimika kupanga maneno manne. Haikuwa hivyo zamani. Kiingereza kilikuwa na neno moja tu, overmorrow, na limo katika tafsiri ya Biblia ya Myles Coverdale ya mwaka 1535, Biblia nzima ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza. Coverdale alizitegemea sana tafsiri za Kijerumani, na Wajerumani hadi leo husema übermorgen bila kigugumizi. Waholanzi nao wana overmorgen. Waingereza wao walilitupa lao wakabaki wanazunguka.

Sennight nalo, yaani usiku saba, lilikuwa neno lao jingine la wiki, na Shakespeare alilitumia. Limekufa. Cha ajabu, ndugu yake fortnight, usiku kumi na nne, yu hai na mzima kule Uingereza, ingawa Wamarekani hawana habari naye sana.

Tusiwacheke haraka. Sisi baada ya keshokutwa tuna mtondo, na baada ya mtondo tuna mtondogoo. Yote mawili yamo kwenye kamusi. Lakini ingia ofisini umwambie karani utarudi mtondogoo, uone atakavyokukodolea macho! Wengi wetu siku hizi husema “siku nne zijazo”, kama Mwingereza yule yule. Msomaji, ukipanga miadi wiki hii, itaje kwa mtondo.