Mvumbuzi wa transista na benki ya mbegu za werevu

Ndani ya tarakilishi unayotumia kuna mabilioni ya transista. Wanasayansi watatu waliokuwa maabara ya Bell, Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa uvumbuzi huo. Mmoja wao ni William Shockley.

Chuoni tulifundishwa kwamba alikuwa bosi asiyevumilika. Mwaka 1957 wahandisi 8 walimkimbia wakaanzisha kampuni ya Fairchild, na wawili kati yao ndio walioanzisha Intel mwaka 1968. Ambalo hatukufundishwa ni hili: mwaka 1980 Shockley alikiri hadharani kwamba ametoa mbegu zake za kiume zigandishwe ili wazaliwe watoto werevu.

Mwenye benki hiyo alikuwa tajiri Robert Graham. Pesa zake zilitoka kwenye miwani: kampuni yake ilitengeneza lenzi za plastiki zisizovunjika ovyo, akaiuza kwa 3M mwaka 1978. Graham aliamini kwamba wajinga wanazaa mno na werevu wanazaa kidogo, kwa hiyo binadamu anazidi kuharibika. Imani hiyo haikuwa ngeni. Ndiyo iliyofanya zaidi ya Wamarekani 60,000 wafungwe uzazi kwa mujibu wa sheria katika karne ya 20. Tofauti ni kwamba Graham hakuhitaji bunge wala mahakama. Alikuwa na pesa na boma lake huko Escondido, California. Basi.

Mwanzoni alitaka washindi wa Nobel pekee. Walijitokeza watatu, na hakuna hata mtoto mmoja aliyezaliwa kwa mbegu zao (wazee wenyewe walikuwa wamekula chumvi nyingi). Ikabidi alegeze masharti na kutafuta wanasayansi vijana. Benki ilipofungwa mwaka 1999, miaka miwili baada ya kifo chake, watoto zaidi ya 200 walikuwa wamezaliwa.

Lakini kituko ni Shockley. Utotoni alipimwa akili kwa ajili ya utafiti wa Lewis Terman kuhusu watoto wenye vipawa. Hakufikisha alama, akaachwa nje. Mtu huyo huyo alipozeeka alidai kwamba watu weusi wamerithi akili pungufu, na akapendekeza kila mwenye alama chini ya 100 alipwe dola 1,000 kwa kila alama iliyopungua, akikubali kufungwa uzazi. Kipimo kilichomkosea yeye ndicho alichotaka kiamue nani azae!

Na hata kipimo kingekuwa sahihi, jeni nzuri ni ipi? Mfano uko hapa kwetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyekulia Kenya, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa na jeni ya selimundu. Nyanda za juu hawakufika hata mmoja kati ya 100. Mwaka 1954 alichapisha maelezo: ukirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja, inakukinga na malaria kali. Ukirithi kwa wote wawili, unaugua. Sisi waandishi wa programu tunayajua haya. Unafuta mstari unaoonekana kosa tupu, kumbe ndio uliokuwa umeshikilia mfumo mzima.

Leo jeni zinahaririwa kweli. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha Casgevy, tiba ya selimundu inayotumia teknolojia ya CRISPR kuhariri seli za mgonjwa mwenyewe. Hairithishwi kwa watoto wake, na mimi sina ugomvi nayo hata kidogo. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani wanazaliwa Afrika, kusini mwa Sahara.

Nikipata nafasi nitaeleza CRISPR inavyofanya kazi, maana hapo napo pana mambo.