Kabla Lakiri Haijagongwa: Miaka Mia ya Sheria Ndogo Mbeya na Iringa

Ukurasa wa mwisho wa sheria ndogo za halmashauri ya jiji au manispaa una mpangilio usiobadilika. Panaandikwa kwamba lakiri ya Halmashauri imebandikwa kufuatia mkutano wa Baraza la Madiwani wa tarehe fulani. Chini yake anatia sahihi Mkurugenzi, kisha Mstahiki Meya, na mwisho kabisa, peke yake, kuna neno moja kwa herufi kubwa: NAKUBALI. Hapo ndipo anapotia sahihi Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Zikishachapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya tangazo, mama anayeuza nyanya Mashine Tatu mjini Iringa na kijana anayetembeza mitumba Mwanjelwa jijini Mbeya wana sheria mpya ya kuifuata, wawe wameisoma au hawajaisoma.

Sheria nyingi za Bunge mwananchi wa kawaida huzisikia redioni. Sheria ndogo anazikuta barabarani. Ndizo zinazosema daladala zisimame wapi, kilabu cha ulanzi kifungwe saa ngapi, gunia la viazi lilipiwe kiasi gani, na taka za nyumba yako azizoe nani na kwa bei gani. Rasimu huandaliwa na mwanasheria wa halmashauri, hupita kwenye kamati za kudumu kama ile ya Fedha na Uongozi au ya Mipango Miji na Mazingira, ndipo ifike kwenye Baraza. Kamatini ndiko madiwani wachache wanakoweza kukaa na karatasi, kuuliza kwa nini ada imepanda, na kufuta mstari. Ikishatoka hapo, kuibadili ni kazi ngumu.

Iringa ilizaliwa ikiwa kambi ya jeshi. Wajerumani waliiteka ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga mwezi Oktoba 1894, na miaka miwili baadaye Tom von Prince akajenga kituo mahali ulipo mji wa leo. Kanuni za mji zilikuwa amri za afisa. Mbeya ni mdogo kwa umri: mji huo ulichomoza miaka ya 1920, chini ya Waingereza, dhahabu ya Lupa upande wa Chunya ikiwavuta wachimbaji, wafanyabiashara wa Kihindi na vibarua kutoka kila upande.

Waingereza walikuja na sheria mbili, kila moja na watu wake. Kwa miji palikuwa na sheria ya mwaka 1920, ambayo iliacha uendeshaji wa mji mikononi mwa wateule wa serikali. Kwa Waafrika wa vijijini palikuwa na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926, kazi ya Gavana Donald Cameron, iliyowapa machifu nguvu ya kutoa amri juu ya pombe, moto wa porini, ukataji miti, uchafuzi wa maji, magonjwa ya mifugo, hata mazao ya chakula ambayo kila kaya ilipaswa kulima. Alama ya kanuni za mjini za wakati ule bado ipo Mbeya katika majina ya Uzunguni na Uhindini. Mji uligawanywa kwa viwango vya ujenzi. Kanuni haikuhitaji kutaja rangi ya mtu. Ilitaja aina ya ukuta na ukubwa wa kiwanja, na asiye na uwezo wa kujenga hivyo alijua asogee wapi.

Kwa chifu mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu amri zilitoka kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa kikoloni, lakini zilisomwa kwa jina la chifu. Watu walipokataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kule Uluguru mwaka 1955, hasira iliwaangukia watawala wao wa jadi kabla ya kumfikia gavana. Chama cha TANU kiliona mapema kwamba kero za kanuni za namna hiyo zinaweza kuwakusanya watu kuliko hotuba yoyote ya kisiasa.

Hapa anaingia mtu mmoja ambaye maisha yake yamepita ndani ya historia hii yote. Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa wa Kalenga, alikuwa Chifu wa Wahehe chini ya mfumo huo wa 1926. Ni yeye aliyelipokea fuvu la babu yake kutoka kwa Gavana Edward Twining mwezi Juni 1954. Mwaka 1962 akawa Spika wa Bunge, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Akiwa Spika, Bunge likapitisha mwaka 1963 sheria ya kufuta uchifu kama chombo cha utawala, cheo alichozaliwa nacho. Mwaka 1972, bado yupo kwenye kiti hicho, ikaja sheria ya madaraka mikoani iliyofagia halmashauri za wilaya, na muda mfupi baadaye mabaraza ya miji nayo yakafuata. Na mwaka 1982, baada ya kuacha uspika kwa muda mfupi na kurudi, ni Bunge chini yake lililozirudisha halmashauri. Sijui Mtanzania mwingine aliyeona mamlaka za chini zikibadilishwa mara nyingi hivyo akiwa ameketi karibu namna ile. Aliifahamu amri kwa mikono yote miwili, ya anayeitoa na ya anayelaumiwa kwa ajili yake.

Uamuzi wa 1972 ulifuata ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Lengo lililotangazwa lilikuwa kuwasogezea wananchi madaraka, lakini waliosogea ni maofisa wa serikali kuu waliopelekwa mikoani na wilayani, na diwani aliyechaguliwa akakosa kikao cha kuhudhuria. Miji iliumia upesi. Mitaro ilijaa, magari ya taka yakasimama, zimamoto ikadhoofu. Kipindupindu kilipolipuka nchini mwaka 1977 ndipo gharama ya kuua mabaraza ya miji ilipohesabika kwa maiti. Mwaka uliofuata serikali ikayarudisha mabaraza hayo kwa sheria ya muda, hatua iliyoigusa miji ya Mbeya na Iringa pia. Mwalimu Nyerere mwenyewe, akihojiwa mwaka 1984, alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa mambo ambayo asingeyarudia.

Sheria za 1982 ndizo tulizonazo mpaka leo pamoja na marekebisho yake: Sheria Namba 7 kwa mamlaka za wilaya, Namba 8 kwa mamlaka za miji, na Namba 9 kwa fedha za halmashauri. Halmashauri zilipoanza kazi upya mwaka 1984 zilikuwa na majukumu mengi na mifuko mitupu, na sheria ndogo zikageuka kuwa njia ya kutafuta pesa. Kodi ya maendeleo, ile ambayo wazee bado wanaiita kodi ya kichwa, ilirudi kwa kila mwenye miaka 18 na kuendelea. Mgambo walivizia njia za kwenda sokoni na mnadani wakiulizia stakabadhi. Vijana walilala porini msimu wa ukusanyaji. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003, katika utawala wa Rais Benjamin Mkapa, na halmashauri nyingi zikalalamika kwamba zimekatwa mguu. Nadhani zilikuwa na haki ya kulalamika kuhusu fedha, lakini kodi inayomfanya raia amkimbie mtendaji wa kata wake haikustahili kuishi hata hiyo miaka 19.

Ushuru wa mazao ukabaki, na katika Nyanda hizi za Juu Kusini mazao ndiyo kila kitu: mpunga wa Usangu, ndizi za Rungwe, viazi vya Uporoto, mahindi na nyanya za Iringa. Ushuru wa gunia uliwekwa kwenye jedwali la sheria ndogo kwa hesabu rahisi, gunia moja shilingi kadhaa, kwa sababu geti la barabarani halina mzani na mkusanya ushuru anaweza kuhesabu magunia kwa macho. Sasa itazame lumbesa ya viazi ikiwa imeegemezwa kando ya barabara pale Uyole, jijini Mbeya. Gunia limejazwa hadi mdomoni, halafu juu yake pamesukwa kamba na kuongezwa kipande kingine cha gunia, kilemba, nacho kimejazwa mpaka kimevimba. Lile lililotakiwa kuwa na kilo 100 limekwenda kilo 130 na zaidi. Mnunuzi anamlipa mkulima bei ya gunia moja, na getini analipa ushuru wa gunia moja. Wakala wa Vipimo amepigana na lumbesa kwa miaka mingi, na viongozi wa mikoa wameipiga marufuku mara zisizohesabika, huku jedwali la halmashauri likiendelea kumpa mfanyabiashara sababu ya kujaza zaidi. Kanuni ya mapato ilifuta kwa mkono mmoja kile ambacho kanuni ya vipimo iliandika kwa mwingine. Aliyebeba hasara ni mkulima aliyeinama shambani tangu masika, na huyo hakuwepo kamatini jedwali lilipojadiliwa.

Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa ushuru unapovushwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Mwenye madebe yake mawili ya mahindi juu ya pikipiki alipumua.

Mijini ugomvi ulikuwa wa mahali pa kusimama. Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwishoni mwa 2006, mwaka mmoja tu baada ya Mbeya kupata hadhi ya jiji. Ujenzi wa soko jipya ulichukua miaka, na wafanyabiashara waliotawanyika walijisogeza eneo la SIDO na kwenye kingo za barabara kuu ya kwenda Tunduma. Mwaka 2011 soko la SIDO nalo likaungua. Miezi michache haikupita, jiji likaamua kuwaondoa machinga barabarani Mwanjelwa, na Novemba 11 mwaka huo mji ukalipuka. Barabara kuu ilifungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, polisi wakarusha mabomu ya machozi, na vurugu zikaingia siku ya pili. Mbunge Joseph Mbilinyi aliitwa kuja kuzungumza na vijana, nao wakamsikiliza. Fikiria maana yake: mazungumzo yaliyowezekana baada ya mawe kurushwa yangewezekana pia kabla, kwenye ukumbi, rasimu ikiwa mezani.

Iringa haikupata somo. Pale Mashine Tatu, karibu na soko kuu, machinga walikuwa wamezoea kupanga bidhaa chini siku za Jumapili, maduka mengi yakiwa yamefungwa. Manispaa ikapiga marufuku na kuwataka wahamie Mlandege. Jumapili ya Mei 19, 2013 waligoma kuondoka, na mji uliozoea utulivu ukajaa moshi wa mabomu na watu wengi wakatiwa mbaroni. Kwa karatasi manispaa ilikuwa na haki, kwa sababu uwezo wa kupanga maeneo ya biashara umo ndani ya sheria. Lakini mteja wa Jumapili hahamishwi kwa tangazo. Machinga alijua hilo kwa hesabu ya kila wiki, na ujuzi wake haukuwa na mahali pa kuingilia.

Baadaye serikali kuu iliingilia yenyewe. Desemba 2018 Rais John Magufuli alitoa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, na mwenye kitambulisho hakupaswa kubugudhiwa kwa ushuru wa kila siku. Mwaka 2021 yakaja maelekezo mapya ya kuwapanga machinga kwenye maeneo maalumu nchi nzima. Katika maagizo yote mawili halmashauri zilipokea maelekezo, na kamati zake zikabaki kurekebisha majedwali ili yaendane nayo.

Yapo maeneo ya nyanda hizi ambako mambo yamekwenda tofauti, na yapo vijijini. Sheria Namba 7 ya 1982 inaitaka halmashauri ya kijiji, kabla ya kutunga sheria ndogo, ipeleke mapendekezo yake kwenye mkutano wa kijiji, ambako kila mkazi mwenye miaka 18 ana haki ya kusema. Kisha ndipo ziende wilayani kuidhinishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa msaada wa Denmark, vijiji vya Wilaya ya Iringa kikiwamo Mfyome vilianza kutenga misitu yao kwa njia hiyo, na Sheria ya Misitu ya 2002 ikaupa utaratibu huo nguvu. Watu waliokuwa wakikata kuni na kuchoma mkaa walikaa chini ya mti mmoja na waliotaka msitu ufungwe, wakabishana nani akate, wapi, kwa ada gani, na faini iwe ngapi. Ada za vibali zikaingia kwenye mfuko wa kijiji. Migogoro haikuisha, lakini aliyevunja kanuni alijua aliisikia ikisomwa na kwamba alinyoosha mkono au alikataa kunyoosha.

Mjini hakuna hatua ya namna hiyo. Halmashauri hutakiwa kutangaza kusudio lake ili wakazi watoe maoni, na tangazo hilo kwa kawaida hubandikwa kwenye mbao za ofisi, ambako machinga hafiki akiwa na meza yake ya karanga. Baada ya hapo rasimu hupanda hadi kwa Waziri, na zikishachapishwa, Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huko Dodoma huweza kuzichambua na kudai dosari zirekebishwe. Wachambuzi hao wote wako mbali na Mashine Tatu. Mchoma mkaa wa Mfyome, kwa sheria ya nchi hii, amepewa nafasi kubwa ya kuijadili kanuni inayomhusu kuliko muuza mitumba wa Mwanjelwa.

Hakuna kifungu kinachoikataza kamati ya Jiji la Mbeya au ya Manispaa ya Iringa kuipeleka rasimu kwenye mikutano ya mitaa kabla ya kuijadili. Wenyeviti wa mitaa wapo, mikutano ipo kisheria, na rasimu nyingi zimeandikwa kwa Kiswahili. Siku ya mkutano itafutwe isiyo ya gulio, na jedwali la ada lisomwe lote kwa sauti, mstari kwa mstari, hadi lile gunia la viazi.